Kura unapiga, ramani inakupiga: Alabama na wapiga kura wake weusi

Dereva wa Montgomery (mleta mada), Novemba 2024

Wakuu, habari za jioni. Nimeegesha lori nje kidogo ya Selma, mzigo unashushwa kesho asubuhi, usingizi hauji. Basi nilipe deni langu. Kwenye ule uzi wa Trump na Harris nilisema Alabama kuna jambo limetokea na hakuna anayeligusa. Mdau mmoja akanijibu, "Leta uzi au nyamaza." Haya, huu hapa.

Uchaguzi wa Novemba 5, 2024, Alabama imechagua watu weusi wawili kwenda Baraza la Wawakilishi kule Washington. Terri Sewell yupo tangu 2011. Safari hii kaongezeka Shomari Figures, kijana wa Mobile, aliyemwangusha Caroleene Dobson wa Republican kwa kupata zaidi ya asilimia 54 ya kura. Wawili kwa wakati mmoja haijawahi kutokea tangu Alabama iitwe Alabama. Hata miaka ile baada ya vita vya wenyewe kwa wenyewe, walipopita Benjamin Turner, James Rapier na Jeremiah Haralson, walikwenda kwa kupokezana, mmoja akitoka ndio mwingine anaingia. Kisha kimya kutoka 1877 mpaka Earl Hilliard aliposhinda 1992. Miaka 115!

Na sasa hivi watu weusi ni kama asilimia 27 ya wakazi wa Alabama. Viti ni saba. Piga hesabu mwenyewe.

Wapiga kura ni walewale wa miaka miwili iliyopita. Kilichohama ni mstari kwenye ramani.

Kabla sijaendelea, tuwekane sawa kwenye lugha. Kwetu Tanzania jimbo ni la mbunge. Huku watu wanasema "jimbo la Alabama" wakimaanisha Alabama nzima. Tukiacha hivyo tutagombana bure, kwa hiyo Alabama nitaiita jimbo, na kipande cha mbunge mmoja nitakiita eneo bunge kama ndugu zetu Wakenya. Wakenya msitembee kifua mbele, ni neno moja tu nimekopa.

Sasa chukua vizibo 70 vya soda, vile vya kuchezea drafti. 51 vilaze chali, 19 vigeuze kifudifudi. Hiyo ndiyo Alabama yako: 19 kwa 70 ni ileile asilimia 27. Gawa mafungu saba, kumi kumi. Fungu linachukuliwa na walio wengi, yaani anayefikisha sita.

Ukivitawanya vile 19, kila fungu vikaingia viwili au vitatu, weusi wanapata sifuri. Ukirundika kumi vyote kwenye fungu moja, na tisa vilivyobaki ukavimwaga mojamoja na viwiliviwili kwenye mengine, wanapata moja. Ukipanga sita, sita, sita, na kimoja kikabaki, wanapata matatu. Vizibo vilevile, hakuna kilichoibwa wala kuongezwa. Sifuri, moja, au tatu ni uamuzi wa mkono uliogawa.

Alabama iliishi na ile "moja" kuanzia 1992. Eneo bunge la 7 lilichukua vijiji vya Ukanda Mweusi (jina limetokana na udongo, mweusi tii, wa pamba, na pamba ndiyo iliyoleta watumwa), halafu likanyoosha kidole mpaka Birmingham kuwachota weusi wa mjini. Waliobaki Montgomery na Mobile wakamwagwa kwenye maeneo ambayo kura zao hazikumtisha mtu. Mimi nakaa Montgomery. Kwenye ramani ya 2021 mji wangu ulikatwa vipande viwili: magharibi wakapelekwa la 7, waliobaki wakaachwa la 2. Kinyozi wangu ana wateja wa pande zote mbili, na mzee mmoja pale hupenda kusema akikaa kiti cha kwanza kura yake haina maana kwa sababu wamejaa, akihamia kiti cha pili haina maana kwa sababu wamepwaya.

Naweka nukta, nichemshe maji ya chai. Nikirudi nawapeleka Tuskegee.

Fundi Simu

Nimeweka kambi. Mkuu, chai ya kwenye lori unachemsha na nini?

Dereva wa Montgomery

Birika la umeme la kuchomeka kwenye gari. Linachukua dakika ishirini, ukiwa na haraka kunywa maji.

Tuskegee. Mji mdogo mashariki ya Montgomery, kaunti ya Macon. Pale pana chuo cha watu weusi alichokianzisha Booker T. Washington, na hospitali ya maveterani weusi. Yaani miaka ya 1950 ukipita mtaani unakutana na madaktari, maprofesa na wauguzi. Weusi wenye elimu kuliko yule karani mzungu aliyekaa mezani kuwatahini kama wanajua kusoma ndipo wasajiliwe kupiga kura. Pamoja na vikwazo vyote, kufika 1957 kama 400 hivi walikuwa wamejipenyeza kwenye daftari la mji. Wazungu wakaanza kuhesabu vidole: hawa wakiongezeka kidogo tu, meya ni wao.

Seneta mmoja wa bunge la Alabama, Sam Engelhardt, akapeleka muswada. Mji wa Tuskegee ulikuwa mraba, pande nne, kama kiwanja. Sheria ikauchora upya ukawa na pande 28. Ishirini na nane! Mstari unapinda nyumba kwa nyumba, unaruka uwanja, unarudi nyuma. Ulipomaliza kujikunja, wale wapiga kura weusi karibu 400 wote walikuwa nje ya mji isipokuwa wanne au watano. Chuo nacho nje. Mzungu aliyetolewa: hakuna hata mmoja.

Hapa ndipo napenda watu wasimame kidogo. Hakuna aliyepigwa. Hakuna kadi iliyochanwa. Mtu amelala raia wa mji, ameamka mkazi wa porini, kitanda kilekile.

Weusi wakafanya mambo mawili. La kwanza walisusia maduka ya wazungu, na maduka mengine yakafunga kabisa. La pili, Charles Gomillion, mwalimu wa sosholojia pale chuoni, akaenda mahakamani. Wakili wake alikuwa Fred Gray, ndiye huyo aliyemtetea Rosa Parks, yule mama aliyekataa kumpisha mzungu kiti cha basi. Waliangushwa ngazi za chini, wakapanda mpaka Mahakama ya Juu, na Novemba 1960 majaji wote wakakubaliana kwamba mstari ule unakiuka Marekebisho ya 15 ya Katiba, yale yanayokataza kumnyima mtu kura kwa sababu ya rangi yake. Hukumu aliiandika Felix Frankfurter, na utamu upo hapa: 1946 jaji huyuhuyu alikuwa amesema mahakama isijitie kwenye kichaka cha siasa za mipaka. Pande 28 zilimtoa kichakani.

Mchuuzi wa Kariakoo

Mkuu uzi umenyooka, ila nikuulize bila kuzunguka. Tuskegee walikosea kwa sababu walichora kwa rangi. Sasa hao waliompa Figures kiti, na wao si wamechora kwa rangi? Au ubaguzi ukiwa wa upande wetu unabadilika jina?

Mwalimu Mstaafu

Nami nimngoje mleta mada kwa swali hilohilo. Vijana, msikimbilie kumrukia Mchuuzi. Hilo ni swali lililowagawa hata majaji.

Dereva wa Montgomery

Shikamoo mwalimu. Mchuuzi, swali lako lina jina mahakamani: Shaw dhidi ya Reno, 1993. North Carolina walichora eneo bunge la 12 ili mtu mweusi apate kushinda, maana tangu George Henry White aondoke bungeni 1901 hawakuwa wamepata hata mmoja. Lakini walichora nini! Kitu kirefu cha maili 160, karibu kilomita 257, kimefuata barabara kuu ya I-85 kama nyoka aliyekanyagwa, sehemu nyingine hakizidi upana wa barabara yenyewe. Mwanasiasa mmoja wa kule alisema ukiendesha gari milango yote miwili ikiwa wazi utaua karibu wapiga kura wote wa eneo hilo. Mimi nimepita njia ile na lori, nakuhakikishia utani huo una mizani.

Jaji Sandra Day O'Connor akaandika kwamba ramani ya namna hiyo inafanana na ubaguzi wa Afrika Kusini uliovalishwa siasa. Tangu hapo kanuni ni kwamba rangi unaruhusiwa kuiona, ila ikiwa ndiyo iliyotawala kalamu yako, uwe na sababu nzito sana.

Kwa hiyo mchoraji wa kusini anatembea juu ya kamba. Akiitazama rangi mno anashtakiwa, akijifanya haioni anashtakiwa.

Kinachowatofautisha Tuskegee na Figures, kwa maoni yangu: Tuskegee rangi ilitumika kufunga mlango. La Figures, majaji waliangalia kwanza kama mlango umefungwa. Kipimo chenyewe kilitoka 1986, kesi ya Thornburg dhidi ya Gingles, na si kipimo cha huruma. Je, hao wachache ni wengi na wamekaa karibu kiasi cha kujaza eneo bunge moja la kueleweka? Je, wanapiga kura pamoja? Je, walio wengi nao wanapiga kwa pamoja kiasi kwamba chaguo la wachache kwa kawaida linaanguka? Ukishindwa moja, kesi imekwisha. Hata ukipita zote tatu bado jaji anaangalia historia na hali nzima ya mahali.

Na ukitazama eneo bunge jipya la 2, weusi wenye umri wa kupiga kura hawafiki hata nusu. Ni kama asilimia 48.7. Figures hakupewa kiti. Alipewa uwanja usioinama.

Mchuuzi wa Kariakoo

Nakubali nusu. Nusu nyingine: kwani mweusi lazima awakilishwe na mweusi? Mbunge wangu hapa simjui hata kabila lake, najua tu barabara haijawekwa lami.

Dereva wa Montgomery

Si lazima, na ushahidi upo Memphis, Tennessee. Eneo bunge lenye weusi wengi, mbunge wao tangu 2007 ni Steve Cohen, mzungu Myahudi. Wamemchagua mara kwa mara, tena akishindana na weusi kwenye kura za mchujo. Hakuna aliyeenda mahakamani kumtoa. Ile Sheria ya Haki za Kupiga Kura ya 1965, ambayo kesi hizi zinaisimamia, haisemi mpewe mtu wa rangi yenu, inasema mpewe nafasi sawa ya kumchagua mnayemtaka. Memphis wamemtaka Cohen, yamekwisha.

Shida inakuja pale mnayemtaka, awe wa rangi yoyote, anaanguka kila msimu kwa sababu mmekatwa vipande.

Binti wa Uvira

Kaka, mimi nipo Louisville, Kentucky, tulikuja kama wakimbizi. Swali la kijinga labda: sisi ambao hatujawa raia, kwenye hizo ramani tunahesabiwa?

Dereva wa Montgomery

Dada, hilo swali si la kijinga, ndilo lililonifanya nianze kusoma mambo haya.

Unahesabiwa. Sensa ya kila miaka kumi inahesabu watu wote wanaoishi mahali, raia na asiye raia, mtoto na mfungwa. Maeneo bunge yanachorwa juu ya hesabu hiyo. Kuna watu Texas walikwenda mahakamani wakitaka wahesabiwe wenye sifa ya kupiga kura tu, na 2016 Mahakama ya Juu ikawaambia jimbo lina ruhusa kabisa ya kuhesabu watu wote. Kwa hiyo wewe na wanao mmeingia kwenye eneo bunge fulani la Kentucky, mbunge wake ni wako, mpigie simu ofisini.

Lakini kitabu cha kumhesabu mtu bila kumpa sauti kina kurasa chafu huku, na kaburi lake kubwa liko Alabama. 1787 katiba ilimhesabu mtumwa kama tatu ya tano ya mtu. Wengi wanadhani ubaya wake ni kwamba alipunjwa zile mbili ya tano. Angekuwa hahesabiwi kabisa ingekuwa nafuu kwake! Zile tatu ya tano alikuwa anaongezewa bwana wake viti bungeni.

Utumwa ukaisha, mchezo ukabaki. Katiba ya Alabama ya 1901 iliwaondoa weusi kwenye daftari kwa kodi ya kura na mitihani ya kusoma, halafu viti vya bunge la jimbo vikagandishwa kwenye sensa ya 1900 kwa miaka 60. Kaunti za Ukanda Mweusi zilikuwa zimejaa weusi wasiopiga kura, lakini viti vyao vikabaki palepale, mikononi mwa wazungu wachache wenye mashamba. Kufika sensa ya 1960, kaunti ya Lowndes, watu 15,417, ina seneta mmoja. Kaunti ya Jefferson yenye Birmingham, watu zaidi ya 600,000, nayo ina seneta mmoja. Lowndes hiyohiyo, weusi walikuwa wengi kupindukia na kwenye daftari hakuwa ameandikishwa hata mmoja. Mahakama ilivunja mpango huo 1964, Reynolds dhidi ya Sims, ikasema maeneo yalingane watu.

Hiyo Lowndes nimeipita leo mchana. Barabara namba 80 kutoka Montgomery hadi Selma, ile waliyotembea waandamanaji wa kudai haki ya kura Machi 1965, karibu kilomita 87, inaikata katikati. Pande zote mbili ni malisho, misonobari, na mabango ya makanisa.

Fundi Simu

Umesema mfungwa anahesabiwa. Anahesabiwa kwao au gerezani?

Dereva wa Montgomery

Gerezani! Kijana wa mjini, mara nyingi mweusi au Mlatino, akifungwa mbali vijijini anaongeza idadi ya watu wa kijiji kile, na mtaa wao unapungua mmoja. Kupiga kura haruhusiwi karibu kila mahali. Kuna majimbo kadhaa yameshabadilisha, kama New York na Maryland, wanamrudisha kwenye hesabu ya kwao.

Kisa cha kuchekesha ni cha Anamosa, mji mdogo Iowa. Kata moja ya mji ilikuwa na watu kama 1,400, na kati yao kama 1,300 walikuwa wafungwa. Uchaguzi wa diwani wa 2005 hakukuwa na mgombea kwenye karatasi, jamaa mmoja akaandikwa jina kwa mkono na watu wawili, mkewe na jirani. Akashinda. Kura mbili, diwani kamili. Baadaye mji ukaacha mfumo huo.

Mwalimu Mstaafu

Nimecheka mpaka mjukuu kaja kuuliza kuna nini. Sasa nirudishe darasani. Umesema mstari ulihama Alabama. Nani aliuhamisha? Maana najua wanaochora ni bunge la jimbo, na bunge la Alabama ni la Republican. Hawakuamka asubuhi na roho nzuri.

Dereva wa Montgomery

Mwalimu, waliburutwa.

Baada ya sensa ya 2020 bunge lilichora ramani yenye eneo moja la weusi kama kawaida. Wananchi wakashtaki, mbele yao Evan Milligan wa Montgomery. Januari 2022 majaji watatu wa shirikisho wakasema ramani inavunja sheria. Mahakama ya Juu ikasitisha amri ile, uchaguzi wa 2022 ukafanyika kwa ramani ileile mbovu. Halafu Juni 8, 2023, mahakama hiyohiyo ikawapa ushindi walalamikaji, 5 kwa 4, Jaji Mkuu John Roberts na Brett Kavanaugh, wote wa mrengo wa kulia, wakiungana na majaji watatu wa mrengo wa kushoto. Watu walidondosha vikombe. Roberts ndiye aliyeandika hukumu ya 2013, ile kesi ya kaunti ya Shelby, nayo ni ya hapahapa Alabama, iliyoondoa kanuni kwamba majimbo yenye rekodi mbaya lazima yaombe kibali Washington kabla ya kubadilisha chochote cha uchaguzi.

Sasa sikiliza kiburi. Majaji walikuwa wameagiza maeneo mawili yenye weusi wengi au karibu na hapo. Bunge likarudi Julai 2023 na ramani yenye eneo la pili la weusi kama asilimia 40. Sawa na kumwagiza mtoto akuletee kilo mbili za sukari, akaleta moja na robo, akakutazama usoni. Septemba majaji wakaitupa, na kumbuka wawili kati ya hao watatu waliteuliwa na Trump. Jimbo likakimbilia Mahakama ya Juu tena, likakataliwa. Mahakama ikamkabidhi kazi mtaalamu wake, na Oktoba ikachagua ramani.

Eneo jipya la 2 linaanzia sehemu ya Mobile, linavuka Ukanda Mweusi, linaikusanya Montgomery yote bila kuikata, linaishia mpaka wa Georgia. Na njiani linaichukua kaunti ya Macon. Macon ndiyo Tuskegee, ile ya pande 28.

Mbunge aliyekuwepo, Barry Moore, aliiona hatari akahamia la 1, akakutana na mwenzake wa chama Jerry Carl kwenye mchujo, akamtoa. Huo ugomvi wao sina muda nao.

Mchuuzi wa Kariakoo

Lakini mkuu, tuseme ukweli. Weusi wa kule karibu wote ni Democrat. Bunge la Republican likiwakata, linakata wapinzani wake. CCM na Chadema. Rangi umeiongeza wewe.

Dereva wa Montgomery

Hapo umeshika shingo ya jambo, na mawakili wa majimbo hayo wanasema kama wewe, neno kwa neno.

2019 Mahakama ya Juu ilisema mipaka ya kukomoa chama pinzani si kazi ya mahakama za shirikisho, hata ikiwa ya dhuluma waziwazi. Rangi bado ni kosa, chama ruksa. Sasa mahali ambapo rangi na chama vimeshonwa uzi mmoja, ukishikwa na rangi mkononi unasema, "Aa, mimi nilikuwa natafuta Democrat." Mei 2024 South Carolina wameshinda hivyohivyo. Weusi kama 30,000 wa Charleston walitolewa eneo bunge la 1 wakarundikwa la 6 kwa mbunge Jim Clyburn. Jaji Samuel Alito wa Mahakama ya Juu akaandika, 6 kwa 3, kwamba anayeshtaki ndiye atenganishe rangi na chama, na hakuona walalamikaji wamevitenganisha. Mimi naona ni sawa na kumtaka mtu aliyekunywa chai ya maziwa akurudishie maziwa peke yake.

Ila Democrat nao wasijipake manukato. Walipokuwa wanatawala kusini ndio waliokuwa wakirundika weusi, enzi hizo weusi wakiwa Republican. South Carolina 1882 walichora eneo la 7 refu la kujikunja, watu wakaliita chatu. Aliyewahi kuliwakilisha ni Robert Smalls, yule mtumwa aliyeiba meli ya jeshi la kusini 1862 na familia yake ndani, akaipita ngome kwa kuvaa kofia ya nahodha. Chatu lilimpa yeye kiti, na kuzunguka chatu wakachukua viti vyote wao.

Hilo ndilo jambo ninalobishana nalo mwenyewe barabarani. Kumrundika mtu mweusi humpa mbunge wa uhakika na kumnyima wa pili na wa tatu. Miaka ya 1990 kusini ilipata wabunge weusi wengi kwa mkupuo, na wapo Republican waliounga mkono maeneo hayo kwa mikono miwili, maana maeneo ya jirani yalibaki meupe na rahisi kwao. Ukiniuliza je, ingekuwa heri Hilliard asichaguliwe 1992? Siwezi kusema hivyo. Mtu aliyekaa miaka 115 bila mbunge humwambii asubiri hesabu nzuri zaidi.

Kijana wa Marigat

Niaje wakubwa. Mkuu, hii kitu sisi huku Baringo tunaijua bila rangi. Il Chamus, wale wanaoitwa pia Njemps, wako kando ya Ziwa Baringo, wachache, na kwa miaka yote walipiga kura ndani ya Baringo ya Kati wakizidiwa na walio wengi. Hawakuwahi kupata mbunge. Wakaenda High Court Nairobi, na 2006 majaji wakasema wao ni jamii ndogo ya kipekee yenye haki ya kuwakilishwa, na tume ya uchaguzi izingatie hilo ikichora mipaka. Katiba ya 2010 ikaja na viti 290 na kuruhusu eneo lipungue au lizidi wastani kwa asilimia 40 mijini na kwenye watu wachache, 30 kwingine. Kwa hiyo kwetu tume inaweza kuangalia jamii waziwazi. Huko kwenu ni kama dhambi kulitaja.

Dereva wa Montgomery

Asante ndugu, hiyo kesi sikuijua. Tofauti kubwa naiona kwenye hiyo asilimia 40. Huku maeneo bunge ya Congress, yaani bunge la Washington, yanatakiwa yalingane karibu mtu kwa mtu, kwa hiyo jamii ndogo haiwezi kupewa eneo dogo. Lazima mchoraji atembeze mstari mpaka apate watu wa kutosha, na hapo ndipo nyoka na vyatu vinapozaliwa.

Chicago walikuwa na eneo bunge la 4 lenye umbo la vile vifuniko vya masikio vya baridi: Wapuertoriko kaskazini, Wameksiko kusini, katikati wameunganishwa na kamba nyembamba ya barabara kuu isiyo na mkazi. Lilikuwa likichekwa kila mwaka kama ramani mbaya kuliko zote. Lakini lilichorwa hivyo ili lisipasue mtaa wa weusi uliokuwa katikati yao, na ndilo lililompeleka Luis Gutiérrez Washington 1992, Mlatino wa kwanza kutoka Illinois. Umbo baya halithibitishi nia mbaya. Na mraba safi unaweza kukuzika.

Mwalimu Mstaafu

Basi tufungue dirisha. Hakuna namna ya kuwapa wachache sauti bila kushika kalamu na ramani?

Dereva wa Montgomery

Ipo, na imejaribiwa palepale Alabama. Ila kwanza upande wake mbaya, maana kufuta mipaka yote nako ni mtego. Mji wa Mobile tangu 1911 ulikuwa na makamishna watatu, kila mmoja akichaguliwa na mji mzima. Weusi walikuwa theluthi ya mji na hawakupata hata kamishna mmoja. Wiley Bolden na wenzake walishtaki, 1980 Mahakama ya Juu ikawaambia walete ushahidi wa nia. Nia! Wanahistoria wakachimba, ikapatikana barua ya 1909 ya wakili Frederick Bromberg wa Mobile kwa wabunge wa jimbo, akikiri kwamba siku zote walijifanya wanawazuia wajinga kupiga kura ilhali lengo lilikuwa weusi. Congress nayo 1982 ikabadilisha ile sheria ya 1965, matokeo yenyewe yatoshe. Mobile ikagawanywa maeneo saba, na 1985 wakaingia madiwani weusi watatu.

Sasa kaunti ya Chilton, kusini ya Birmingham, wakulima wa pichi. Weusi ni kama mmoja kwa kila kumi, wamesambaa. Hata uchore vipi huwezi kupata eneo lao. 1988 kesi yao iliisha kwa mapatano: makamishna saba, kaunti nzima eneo moja, kila mpiga kura ana kura saba, na anaweza kuzigawa atakavyo au kuzitupa zote kwa mtu mmoja. Weusi wakazitupa saba zote kwa Bobby Agee. Hakushinda tu, aliongoza wagombea wote. Mstari haukuchorwa hata mmoja.

Fundi Simu

Vizibo saba vyote shimo moja. Hiyo nimeielewa kuliko yote.

Binti wa Uvira

Kaka, na hii imeisha kweli? Huyo Figures atakaa?

Dereva wa Montgomery

Dada, mpaka mwezi huu wa Novemba 2024 Alabama bado wanaipigania ile ramani yao mahakamani. Na Louisiana, weusi theluthi, viti sita, walilazimika kuchora eneo la pili kutoka Shreveport hadi Baton Rouge, mgombea mweusi Cleo Fields kashinda mwezi huu huu, lakini wapiga kura wasio weusi walilalamika na kesi imeshafika Mahakama ya Juu. Imekubali kuisikiliza Novemba 4, 2024, siku moja kabla ya uchaguzi.

Mchuuzi wa Kariakoo

Swali la mwisho, mkuu. Wewe mwenyewe ulimpigia nani?

Dereva wa Montgomery

Sikupiga. Nina karatasi za kuishi na kufanya kazi, uraia bado. Ile fomu ya sensa ya 2020 niliijaza mwenyewe mezani jikoni, mke wangu ananisomea maswali: watu wanne nyumba hii. Kwa hiyo wanne wetu tumo ndani ya eneo bunge la 2 la Figures.

Taa ya ghala imewaka, jamaa wanaonekana kuanza mapema. Nikifika Mobile nitajibu waliobaki.